Imebaki Mingapi?

Kibiti nzima inajua nusu ya habari hii. Nusu nyingine tunaijua watu watatu, na wawili kati yao wana sababu nzuri ya kunyamaza. Mimi kifua sina, kila anayenifahamu analijua hilo, na nikiendelea kukaa nayo nitapasuka. Mjomba akisikia, bora asikie kwangu.

Nianzie pale raha ilipoanzia. Juni ya mwaka tisini na nne nilirudi likizo kutoka Dar, nimemaliza mwaka wa kwanza chuo cha uhazili, mchuchumio miguuni na mashine ya taipu mkononi. Ile mashine alininunulia Mjomba Abdulswamadu. Konda aliniteremshia pale stendi kama ananipokeza mtoto mchanga, na mimi nacheka peke yangu, maana nilijua kuna kazi inanisubiri: mikataba ya wapangaji wa nyumba ya mjomba. Nyumba yenyewe ilikuwa haijachimbwa hata msingi, lakini mimi mkataba wa mfano nilikuwa nao kwenye pochi.

Mjomba Swamadu ni kaka yake mama. Alikaa Uarabuni miaka kumi na miwili. Alianza Maskati kuendesha lori la maji, akahamia Sharjah, akapanga fleti ya vyumba vitatu, akaijaza vitanda vya chuma vya juu na chini, akawa anapangisha kitanda kimoja kimoja kwa Waswahili waliokwenda kununua magari ya mtumba. Biashara ilipofunguliwa huku nyumbani, kila mwenye vijidola vyake akaruhusiwa kuagiza gari, na vitanda vya mjomba vikawa havipoi. Huyu anaamka, yule analala. Halafu na yeye akaanza kuleta yake. Kresta mbili, Hailaksi tatu. Moja aliiuza, nyingine akazikodisha kwa watu wa mbao na wa korosho, zikawa zinamletea hela na yeye amekaa.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asibaki huko huko, kwenye taa na majokofu.

"Mpwa," akaniambia, "kule hata msumari ukitaka kugonga ukutani unaomba ruhusa. Miaka kumi na miwili nimelala kwenye ukuta wa mtu, na viza mfukoni kama hirizi. Nataka sehemu moja tu duniani ambayo hakuna mtu atakayeniambia toka."

Kwa hiyo aliiachia ile fleti, akauza na vitanda vyake, akaja kununua shamba kando ya barabara, ukiwa unatoka Kibiti kwenda Ikwiriri. Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Masika pantoni ya kuvukia mto pale Ndundu ikisimama, malori ya Lindi na Mtwara yanakwama Kibiti wiki mbili, wiki tatu, na madereva wanalala chini ya malori yao kama kuku. Mjomba alitaka kujenga vyumba kumi vya kupangisha, fremu tatu za maduka mbele, na nyuma yadi ya magari yake.

Aliyemuuzia ni Bi Sijaona. Msimdhanie kikongwe. Ni mjane wa miaka arobaini na kitu, mnene, mweusi wa kung'aa, ana jino la dhahabu, na kanga yake haijirudii ndani ya wiki. Anauza kamba wa kukaanga pale stendi, kamba wa Mbuchi, wanakuja kwa boti halafu kwa baiskeli. Anaongea polepole na kwa sauti ya chini, mpaka inabidi umwinamie ndiyo umsikie.

Karatasi ya mauzo mjomba alinipa niitaipu upya ipendeze. Nikaisoma, nikacheka. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono: "Mimi Sijaona binti Mkumba nimemuuzia Abdulswamadu bin Saidi mikorosho kumi na saba iliyopo kando ya barabara." Dole gumba la Bi Sijaona, sahihi ya mjomba, sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mwinyimvua. Basi.

"Mjomba, mbona humu hamna kiwanja?"

"Ndivyo watu wa huku wanavyosema. Mtu akikwambia kauza minazi, ujue kauza shamba. Wewe ushaona mtu amenunua mti ukining'inia hewani?"

Tukacheka wote wawili. Mama yangu, Mwanabibi, alikuwa anapepeta mchele pembeni. Hakucheka.

"Kaka, Uarabuni kumekusahaulisha," akasema. "Nenda kamuulize yule mwanamke kakuuzia nini. Umuulize mbele ya watu."

"Dada, nikaanze kumuuliza mtu kitu nilichokwisha mlipa? Ataniona punguani."

Wiki hiyo hiyo shoka likaanza. Wakataji walikuwa wanne, na mikorosho ile ilikuwa mikubwa, matawi yametambaa mpaka chini. Siku ya pili, kwenye saa nne asubuhi, Bi Sijaona akaja na beseni lake la kamba kichwani. Akalitua, akageuza ndoo, akakaa. Mimi nilikuwa pale na mwavuli wangu, najifanya msimamizi.

"Shikamoo, Bi Sijaona."

"Marahaba, mwali wa chuo. Hujambo?" Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mkorosho unavyoyumba. Ulipolala chini, akamuuliza mkataji, "Imebaki mingapi?"

"Kumi na mmoja, Bi."

"Haya. Shikeni mashoka vizuri, msije mkajikata." Akawapa kamba wa bure, kila mtu mkono mzima, akaondoka.

Nikasema mama wa watu ana roho nzuri. Nilipofika nyumbani nikamsimulia mama, kila kitu, mpaka jino la dhahabu lilivyometa. Mama akaacha mwiko kwenye sufuria.

"Anahesabu?"

"Anauliza tu, mama."

"Mtu aliyeuza hahesabu, Nasma."

Nilirudi chuo. Likizo ya Desemba nikakuta kuta zimefika kwenye linta, mabati yameshushwa, na mikorosho imebaki mitano. Mjomba alikuwa na fundi wake wa magari, Sadallah, mtu wa Mbwera, mwembamba, mwenye maneno kuliko spana. Wanaume wote wawili walikuwa wananuka petroli na furaha. Na mimi nilikuwa na furaha, kwa nini nisiwe? Mjomba alinionyesha fremu ya pembeni. "Hii yako. Ukimaliza chuo, unaweka mashine yako hapa, unawataipia watu barua, hunilipi kodi." Nililia pale pale, kwenye simenti.

Mikorosho minne ilikatwa siku tatu baadaye kwa ajili ya njia ya kuingilia magari. Wa tano mjomba akasema uachwe. Si kwa hekima yoyote, usidhani. Ulikuwa katikati ya yadi na kivuli chake kinene, akataka magari yapaki chini yake yasibabuke rangi.

Bi Sijaona alikuja ile siku ya minne. Alikaa kwenye ndoo yake mpaka wa mwisho ukaanguka.

"Imebaki mingapi?"

"Mmoja," nikamjibu mimi mwenyewe, kwa mbwembwe zangu zote. "Tena huo hatuukati. Wa kivuli."

Akageuka akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Mmoja," akasema, kama mtu anayeonja chumvi. "Uangalieni basi."

Sasa hapa ndipo ilipo nusu yangu. Juni tisini na tano nyumba ilikamilika. Vyumba kumi, namba zimeandikwa milangoni kwa rangi ya bluu, na mimi ndiye niliyeziandika. Kesho yake ilikuwa maulidi ya kuifungua, watu wanatoka mpaka Mbwara na Ikwiriri. Mchana ule niliingia yadi nikakuta Sadallah amemwaga oili chafu chini, nyeusi, inatiririka kuelekea mlango wa chumba namba saba.

"Sadallah! Kesho wageni, na wewe unatufanyia gereji barazani?"

"Sasa niimwage wapi, mwali? Niinywe?"

"Chimba shimo kule nyuma ya mkorosho, hapaonekani. Mwaga humo, oili, maji ya betri, uchafu wako wote. Halafu funika na bati."

Nilimwonyesha kwa kidole. Nilimpeleka mpaka penyewe, nikapiga mguu chini: hapa. Barabarani kulikuwa na watu wanapita, kama kawaida, sikuwatazama.

Maulidi yalifana. Pilau sufuria sita. Hailaksi na Kresta zimepangwa mstari, zimepakwa nta mpaka unajiona. Mjomba kavaa kanzu nyeupe na koti, anapokea mikono ya watu. Baada ya dua, kabla sahani hazijapita, Bi Sijaona akasimama upande wa wanawake. Alikuja mikono mitupu siku hiyo, hana beseni.

"Nina neno moja," akasema kwa ile sauti yake ya chini, na umati mzima ukainama kumsikia. "Nauliza mbele ya watu, ili kesho nisije nikaitwa mwongo. Abdulswamadu, nilikuuzia nini?"

Mjomba akacheka. "Uliniuzia shamba, dada yangu. Si hapa tulipokaa?"

"Nilikuuzia mikorosho kumi na saba. Mwenyekiti, ndivyo sivyo?"

Mzee Mwinyimvua aliangalia kofia yake. Halafu akasema ndivyo. Karatasi anayo, na imeandikwa mikorosho.

"Na mtu akinunua mti wa mwenzake, ardhi ni ya nani?"

"Ardhi ni ya mwenyewe," akasema mwenyekiti. "Mwenye mti anakula mti wake mpaka ufe. Ukifa, ardhi inarudi. Ndivyo tulivyokuta."

Hapo ndipo nikaona wazee wanatazamana, mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka kitu wakiwa tayari wako njiani. Walikuwa wanalijua. Wote walikuwa wanalijua siku zote, ila hakuna aliyelifikiria, kwa sababu tangu dunia iumbwe hakuna mtu Kibiti aliyenunua mkorosho halafu akaukata. Unaukataje mti unaokulisha?

"Kumi na sita umekata mwenyewe," akasema Bi Sijaona. "Umebaki ule. Maadamu mti ule uko hai, kaa, sina neno na wewe. Siku ukifa, nakuja kuchukua changu."

Mjomba alikuwa hacheki tena. "Ulikuwa unakuja kila siku. Umekaa pale kwenye ndoo, unaniona nakata. Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unakata mali yako. Mimi nani nikuzuie?"

"Nitakwenda mahakamani!"

"Nenda," akasema Mzee Mwinyimvua, bila ubaya. "Lakini hakimu ataita mashahidi, Swamadu. Na mashahidi ni sisi."

Pilau ililiwa. Watu wa kwetu hawaachi pilau. Lakini ililiwa kimya, na wakati wa kuondoka kila mtu alipita kwenye yadi kuuangalia ule mti, kama wanavyopita kumwangalia mgonjwa.

Mngemwona mjomba baada ya hapo. Aliuzungushia mkorosho uzio wa senyenge. Alikataza mtoto kuutupia jiwe, alikataza kuangika nguo. Alinunua salfa, akaupulizia yeye mwenyewe dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, amefunga kitambaa puani. Akanunua pipa la maji. Usingizi wake aliuhamishia mchana, kwenye kiti cha kukunja, chini ya mti. Nyumba ya vyumba kumi na magari manne, yote yananing'inia kwenye tawi. Mimi likizo iliisha, nikapanda basi, nikarudi zangu chuo na mambo yangu. Kulikuwa na uchaguzi, kulikuwa na mitihani, kulikuwa na kaka mmoja wa mwaka wa tatu ambaye sitaki hata kumtaja. Lile shimo? Halikupita kichwani mwangu hata mara moja. Wallahi.

Lilinirudia Desemba, niliposhuka stendi nikasikia mwanamke wa machungwa anamwambia mwenzake, "Mgonjwa wa Swamadu kaanza kuanguka nywele."

Niliacha sanduku pale pale kwa huyo mwanamke. Nilikwenda mbio na mchuchumio wangu, nikauvua njiani. Desemba ni msimu, mikorosho yote ya Kibiti ilikuwa inadondosha mabibo, mekundu na ya njano, harufu mpaka barabarani. Mkorosho wa mjomba ulikuwa na majani ya rangi ya chai, machache, na bibo hata moja hakuna. Mjomba alikuwa chini yake na pipa la maji. Amekonda, shingo imebaki kama ya kobe.

"Bwana shamba anasema ni ugonjwa," akaniambia. "Kaniambia niongeze salfa. Unaonaje, mpwa? Si umeongeza kijani kidogo upande ule?"

Nikasema ndiyo, umeongeza. Nikazunguka nyuma. Bati lilikuwepo. Nililiinua kwa kidole cha mguu, na ile harufu ikanipanda mpaka machoni. Shimo lilikuwa limejaa nusu, jeusi, linang'aa kama jicho. Mizizi miwili ilikuwa imekatiza humo.

Sadallah nilimkuta chini ya Kresta. Nikamvuta miguu.

"Bado unamwaga kule?"

"Si ndiko uliponionyesha?"

"Baada ya yale ya maulidi, Sadallah! Hukusikia?"

"Nimesikia watu wanasema usikatwe. Mimi nimeukata?" Halafu akaona uso wangu. Akatoka chini ya gari polepole. "Yarabi. Mwali. Tumeua."

"Hujaua. Fukia. Leo hii."

"Nimwambie bosi?"

Nilitakiwa kusema ndiyo. Mjomba alikuwa hatua ishirini kutoka pale, anamwagilia maji mti uliokunywa sumu, na mimi nilikuwa na mdomo ule ule ambao haujawahi kufunga. Nikasema, "Usithubutu."

Alifukia. Wiki ile ile akaaga kwamba mama yake anaumwa Mbwera, na hajarudi mpaka leo.

Ijumaa Bi Sijaona alikuja. Siku hizo alikuwa anakuja kila Ijumaa. Akasimama nje ya senyenge na kanga mpya.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea," akasema mjomba kwa meno.

"Mbona hana rangi?"

"Nitapanda mwingine!" Mjomba alipiga kelele mpaka wapangaji wakatoka milangoni. "Nitapanda ishirini!"

"Panda," akasema Bi Sijaona. "Lakini panda kwenye kopo. Chini hapo ni kwangu."

Baadhi ya wapangaji walicheka. Nawajua, na kodi zao nazijua.

Wazee walikaa wakasema mti usihukumiwe kiangazi, kiangazi hata mzima anapukutika. Upewe masika moja. Masika ikipita haujatoa jani, watakuja kuutazama. Bi Sijaona akakubali bila ubishi, na huko kukubali kwake ndiko kulikomtia mama baridi. "Anajua kitu," mama akaniambia. "Mtu hawi mpole hivyo bure."

Masika ya tisini na sita ilikuwa masika kweli. Pantoni ilisimama. Malori yalijipanga kutoka stendi mpaka kwetu, na vyumba vyote kumi vilijaa, madereva wanalala watatu watatu, wengine wanaomba kulala ndani ya Hailaksi na kulipia. Mimi nilikuja kwa Idi Kubwa, mwisho wa Aprili, nikakuta nyumba inavuma kama soko. Hakuna mwekezaji Kibiti aliyepata mwezi kama ule. Hesabu ya mjomba ilikuwa sahihi kabisa, kila kitu alichosema kimetokea.

Yeye alikuwa yadi, amesimama kwenye mvua, hana hata mwavuli, anatazama juu. Mkorosho ulikuwa mtupu. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye matawi, yanadondoka kwenye mabodi ya magari, ta, ta, ta, na pande zote za barabara majani mapya yamekolea, mpaka nguzo za uzio za watu zimechipua.

"Ile ncha pale," akaniambia. "Ile. Si jani?"

"Ni ndege, mjomba."

Wazee walikuja Juni, asubuhi, watatu na Mzee Mwinyimvua. Mjomba mwenyewe aliwafungulia senyenge. Bi Sijaona alikaa kwenye ndoo. Nusu ya Kibiti ilikuwa barabarani. Mzee Mwinyimvua alichukua panga, akaomba radhi kwa Mola, akapiga gome upande wa mashariki. Mkorosho mzima ukiupiga panga unatoa utomvu, hata mtoto anajua. Hakukutoka kitu. Akapiga upande wa pili. Kukavu, kahawia, kama biskuti. Akazunguka nyuma, karibu na mizizi, akapiga mara ya tatu. Halafu akasita. Akainama, akanusa panga.

"Mbona huu mti unanuka gari?"

Watu waliangua kicheko. Hata mzee mmoja alicheka, akasema mti umekaa sana na Kresta, umeiga. Mimi nikashika mkono wa mama. Nikatazama upande wa Bi Sijaona. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Umekufa," akasema Mzee Mwinyimvua.

Mjomba hakupiga kelele. Alikwenda akauegemea ule mti kwa kiganja, kama unavyomshika mtu bega.

"Tofali ni zako," Bi Sijaona akamwambia. "Mabati yako, milango yako. Unaweza kubomoa ukabeba, sitakuzuia. Magari yana magurudumu, yatakufuata utakakokwenda. Nyumba ndiyo haina."

"Nitaipeleka wapi?" Mjomba aliuliza kweli, kama mtu anayeomba kuelekezwa njia.

"Basi iache. Kodi nitapokea mimi, mwenye ardhi. Na kwa ubinadamu, chagua chumba kimoja, nitakupangisha."

Mama alimwambia aje kwetu. Alikataa. Akachagua namba saba, kile kinachotazama yadi.

Mkataba niliutaipu jana, kwenye ile fremu ya pembeni. Nimemaliza chuo, na Bi Sijaona kanipa fremu vile vile alivyoahidi mjomba, bila kodi. Sikumwomba. Alikuja tu na ufunguo. Alikaa mbele yangu, beseni la kamba miguuni, na mjomba akasimama mlangoni. Karatasi ni ile ile niliyokuja nayo kwenye pochi mwaka tisini na nne. Majina tu nilijaza. Mpangishaji: Sijaona binti Mkumba. Mpangaji: Abdulswamadu bin Saidi. Kipengele cha nne, mpangaji hatagonga msumari ukutani bila idhini ya mwenye nyumba. Nilikuwa nimekiweka mwenyewe zamani, nilikinakili chuoni, nikaona kinapendeza. Mjomba alikisoma mara mbili. Akatia sahihi, akanipiga kofi dogo la upendo kichwani kama kawaida yake, akatoka.

Nikasubiri Bi Sijaona aondoke. Hakuondoka. Akamenya kamba mmoja, akaniwekea kwenye karatasi.

"Kula, mwanangu. Umekonda."

"Ahsante, Bi."

"Ile siku ya kuamkia maulidi nilikuwa napita barabarani na beseni langu," akasema, kwa ile sauti, ikabidi nimwinamie. "Nikakuona unamwonyesha yule fundi pa kuchimba shimo la oili. Ulipiga na mguu. Hapa."

Kamba nikamrudisha kwenye karatasi.

"Nikasema moyoni, Sijaona, kesho usiende, huna haja, kazi imeshafanyika. Halafu nikasema hapana, nitakwenda nikawaambie kabisa mbele ya watu. Huenda yule mtoto akikumbuka atakwenda kufukia. Kila Ijumaa nilikuwa nakuja kuangalia kama shimo limefukiwa." Akajifuta vidole kwenye kanga. "Hukukumbuka. Na ulipokumbuka, hukusema. Sasa tunanyamaza wote wawili, au siyo?"

Kabla sijajibu tukasikia shoka. Lilikuwa karibu, jirani, kwa Kibwana, yule mwenye duka la spea, aliyerudi na magari mawili ya Dubai na anataka kujenga gesti ya vyumba kumi na viwili. Lilipiga, likatulia, likapiga. Ya mjomba anasema hayamhusu, yeye alinunua kwa marehemu mume wa Bi Sijaona, lakini karatasi yake nimewahi kuiona, imeandikwa mikorosho vile vile, aliniletea niitaipu upya ipendeze.

Bi Sijaona aliinamisha kichwa kidogo, anasikiliza, jino la dhahabu linaonekana.

"Wewe una macho mazuri, umekaa dirishani," akasema. "Hebu niangalizie. Imebaki mingapi?"

Nikageuka. Kibwana mwenyewe alikuwa pale, amevaa miwani ya jua, akaniona, akanipungia mkono kwa furaha. Nami nikampungia.

Halafu nikahesabu.

"Tisa," nikasema.